Mukono Wangu na Kitunga ya Samaki

Siku ya posho, Jumamosi, 6 Juni
Sokoni. Samaki ya kukauka imefika toka Kinkondja. Muuzaji ananionyesha ya juu, kubwa kubwa. Nikaingiza mukono mpaka chini ya kitunga. Kadogo, kamejaa wadudu. Akanuna. Anune. Nikaenda kwa mwingine.

Jioni Ngoie, mujukuu wangu: Ilunga wa reli anataka kumuoa. Jibu litoke kwangu, kwani nimemulea tangu mama yake afariki. Ngoie njo alinifundisha herufi, hapa mezani. Sitoi huyu mutoto ovyo.

Siku ya Mungu, 7 Juni
Ilunga amekuja kunisalimia. Suti. Viatu vinang'aa kupita kichwa ya pasta. Kila neno, «Ndiyo, kaku,» kama niko bibi yake tayari. Huyu njo samaki ya juu. Nitaingiza mukono.

Siku ya kwanza, 8 Juni
Asubuhi nikapita kambi ya reli bila kumuambia muntu. Nikachungulia dirishani. Ilunga analala! Jua iko juu!

Siku ya tatu, 10 Juni
Asubuhi tena. Analala. Nikagonga dirisha. Akageukia ukuta.

Siku ya tano, 12 Juni
Asubuhi. Analala, kiatu moja mguuni. Imetosha.

Kwetu, kwa utani, kaku na mujukuu ni bake-wenza, bwana yake ni bwana yangu. Nikamuambia: «Muke mwenzangu, bwana yetu iko muvivu. Hapana.»
«Kaku, haumujui...»
Nikamukatia neno. Hajala hata tonge ya bukari. Hanisemeshi. Nyumba imekuwa baridi. Sipendi.

Siku ya posho, 13 Juni
Soko. Nikaingiza mukono chini, kama siku zote. Samaki safi! Nikanunua kitunga nzima, nikicheka peke yangu. Nyumbani nikamwaga: katikati yote imeoza. Muuzaji amenijua. Amepanga nzuri pale mukono wangu unapofikaga.

Nikakaa chini. Kwa Ilunga pia, asubuhi, asubuhi, asubuhi. Pembe ileile ya kitunga. Mupumbavu ni minyi mwenyewe.

Nikaenda alasiri. Ilunga iko inje, anafua nguo ya kazi, nyeusi kama sufuria, anaimba wimbo ya kanisa vibaya sana.
«Muke gani anakufuliaga siku zote?»
«Muke gani tena, kaku? Minyi.»
«Na kulala mpaka jua juu?»
«Natia kuni kwenye mashini ya treni usiku, kaku. Narudi asubuhi. Halafu kuko shetani moja anakujaga kugonga dirisha. Nikimukamata!»
Nikakohoa. Nikamusaidia kukamua suruali.

Siku ya Mungu, 14 Juni
Nimesema ndiyo. Ngoie amenikumbatia mpaka kitambaa changu kikaanguka. Amepika samaki nzuri iliyobaki, sasa anaosha sahani.

Ilunga alikuja bila suti. Amekula sana, amesinzia kwenye kiti yangu, mdomo wazi. Watoto wa jirani walikuja kugonga dirisha. Nimewafukuza. Polepole, asiamke.