Kiti cha Meneja Kimerudi Nyumbani

Nyumba ya pembeni, Mtaa wa Tatu,
Mkabala na tangi la maji.
Jumapili, 14 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mizigo niliyowahi kubeba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na umekaa. Kama umesimama, tafuta pa kukaa kwanza, maana leo nina maneno. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji yangu, kile kikohozi chake kimeisha au bado anaamsha majirani? Mwambie aende kwa daktari wa kweli, aache dawa za kuelekezwa na wenzake kazini.

Sisi hapa ni wazima. Goti langu la kushoto bado linajua mvua kuliko redio. Mke wangu yu mzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Kazi inakwenda. Mimi niliyevuka mipaka saba na trela, niliyelala forodhani mpaka maofisa wakanizoea kama ndugu, leo naendesha lori la taka la mtaa, na bado napiga honi kama nimebeba mafuta ya ndege. Watu wanacheka, lakini taka zao wanazitoa kwa wakati.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia na simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu, ukisikia neno gumu tu, mtandao wako unaharibika ghafla. Karatasi haina mtandao. Barua hii anakuletea nesi, jirani yetu anayerudi kazini huko ughaibuni, na nimemwagiza asinyanyuke hapo kwako mpaka umalize kusoma.

Haya. Nimekasirika. Nimekasirika mpaka chai inanipoa mkononi. Nimemkasirikia mwalimu mkuu, nimeikasirikia kamati ya mtaa, na wewe, mtoto wa mama yangu, nimekukasirikia kuliko wote. Lakini ngoja nianze mwanzo, nisije nikakuacha kwenye kona.

Uliponunua nyumba hii ukaniomba nihamie na mke wangu tumlee binti yako, ulisema sababu ni shule. Sibishi, ulisema kweli. Mtaa huu ulichorwa kwenye karatasi kabla tofali moja halijawekwa, na shule wakaiweka katikati, nyumba zikaizunguka kama vifaranga. Hakuna mtoto anayevuka barabara kubwa. Kengele ikilia, inasikika mpaka bafuni. Walimu nao wanaishi humuhumu. Jioni unamkuta mwalimu wa hesabu amevaa kandambili ananunua mkate, na mtoto aliyekwama kwenye hesabu za sehemu anaulizia palepale dukani. Nimezunguka dunia, mdogo wangu, lakini shule ya namna hii sijaiona, na mimi shule naijua vizuri kwa sababu nilifukuzwa mbili.

Na binti yako wamemsaidia, hilo nitalisema hata mbele ya hakimu. Alipofika hapa alikuwa akisoma mstari mmoja anatoka jasho kama anapandisha gari mlimani. Mwalimu wa Kiswahili hakumcheka wala hakumpigia kelele. Alimpa kazi: kila jioni akae maktaba awasomee hadithi watoto wa darasa la kwanza. Wale watoto wenyewe hawajui kusoma, watamcheka kwa lipi? Akaanza kusoma polepole, akawazoea, akaanza hata kuigiza sauti za fisi. Sasa ananisomea gazeti ukurasa mzima, nikisinzia ananipiga kiwiko. Nyumbani tunamwita Meneja. Anajua sukari imebaki kiasi gani, anajua lori langu linahitaji oili lini, na mke wangu anaomba ruhusa kwake kabla ya kwenda saluni.

Unajua pia desturi ya viti. Shule hii haina madawati. Mtoto akianza darasa la kwanza, seremala wa mtaa anamtengenezea kiti chake, na anakaa nacho mpaka amalize. Akikua, seremala anakiongezea miguu. Cha Meneja kimeongezwa mara mbili tangu ahamie, na nyuma yake amechora gari la taka lenye mabawa. Siku ya kumaliza shule, mtoto anakibeba kichwani anakirudisha kwao, na mtaa mzima unatoka nje kupiga vigelegele. Kiti hakirudi nyumbani kabla ya siku hiyo.

Sasa nakuja kwenye ule mkutano wa wazazi.

Unaukumbuka vizuri, ulikuwepo. Sura yako ilikuwa ukutani kwa video, kubwa kama mlango wa gereji, pamoja na wazazi wengine walio mbali. Mwalimu mkuu, ambaye sisi tunamwita Bwana Asilimia, alisimama akamwaga sera zake. Akasema ili shule iendelee kufaulisha watoto wote, wale wazito wa darasa la mwisho wahamishiwe shule ya ng'ambo ya barabara kuu wakafanyie mtihani huko. Mwenyekiti wa kamati, yule dalali wa nyumba, akaruka juu kumuunga mkono. Kwa nini asiruke? Lile bango la getini linalosema watoto wote wamefaulu ndilo linalomuuzia nyumba zake. Bango likipungua kidogo tu, yeye anakosa usingizi.

Mimi nilikaa nyuma kabisa. Mlezi hana kura. Ndiyo sheria yao. Nikasubiri mtu mwenye akili apinge. Wa kwanza kunyoosha mkono kukubali ulikuwa wewe! Mkono wako ulijaa ukuta mzima. Nikasimama nikakupungia, shusha, shusha mkono! Na wewe ukacheka, ukanipungia. Ulidhani nakusalimia. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wakafuata kunyoosha mmoja mmoja, kila mzazi akijua moyoni kwamba mtoto mzito ni wa jirani.

Yule mzito, mdogo wangu, ni wa kwako.

Walifanya mtihani wa majaribio. Meneja alichosoma alikijibu, na alijibu vizuri, mwalimu wa Kiswahili kanionyesha mwenyewe. Ila anasoma kwa mwendo wake. Muda uliisha hajafika ukurasa wa mwisho. Hilo ndilo kosa lake lote: hakufika mwisho. Mimi nimefikisha mizigo siku mbili baada ya wenzangu, na hakuna tajiri aliyewahi kuniambia mzigo si mzigo.

Jumatano nilikuwa nashusha pipa Mtaa wa Kwanza, nikaona watoto kadhaa wanakuja wamebeba viti vichwani. Saa nne asubuhi. Hakuna vigelegele. Mama mmoja alitoka na mwiko mkononi, akaona, akarudi ndani akafunga mlango. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Meneja. Nilisimamisha lori katikati ya njia.

"Panda, nikubebee," nikamwambia.

"Hapana, baba mkubwa. Walisema tubebe wenyewe."

Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya, leso ninayo. Nikawasha gari nikamfuata nyuma polepole mpaka nyumbani, na taa za tahadhari zinawaka, kama nasindikiza rais.

Kisha nikaenda shuleni na nguo zangu za taka, harufu na yote. Bwana Asilimia akanikaribisha huku anafungua dirisha.

"Mzee wangu, tunamsaidia huyu binti. Kule hatakuwa na presha."

"Kama kule kuzuri hivyo, mwalimu, wa kwako mbona hujampeleka?"

Akajikuna shingo. "Wa kwangu ana uwezo."

"Nazoa taka zenu kila wiki, mwalimu. Nazijua karatasi za majaribio anazozichana huyo wa kwako."

Akanywea kidogo, halafu akanipiga pale pasipo na ngao. "Wewe ni mlezi tu, mzee. Baba yake alikubali. Tulimwona sote, tena alikuwa wa kwanza."

Mdogo wangu, mimi nimesimamishwa na majambazi porini nikawachekesha mpaka wakanipa sigara. Lakini neno lile lilinitoa ofisini. Nikaendesha mpaka nyumbani bila kupiga honi. Mimi, bila honi! Mke wangu alidhani naumwa.

Wala usidhani walimu wote wako na Bwana Asilimia. Mwalimu wa Kiswahili alimuuliza usoni, shule inayofaulisha waliokwisha faulu inafanya kazi gani. Ameambiwa achunge kibarua chake. Wazazi wa wale wengine ninawaendea mlango kwa mlango, lakini wameingiwa na haya. Wanasema eti watoto wao walipenda wenyewe kuhama. Waongo wakubwa! Jana mmoja alijificha nyuma ya pazia, miguu inaonekana.

Kwa hiyo amebaki mmoja, na huyo ni wewe. Nimemuuliza katibu wa kamati, na kanuni yao ni hii: jambo lililokubaliwa mkutanoni halifunguliwi tena mpaka mmoja wa waliolikubali asimame aombe lifunguliwe. Mlezi hawezi. Mwalimu wa Kiswahili hawezi. Jumamosi ijayo kuna mkutano, wa mwisho kabla majina ya mtihani hayajapelekwa. Baada ya hapo, hata ukija mwenyewe kwa ndege ukalia getini, mwanao atafanyia mtihani ng'ambo ya barabara, kwenye ukumbi asioujua, bila kiti chake.

Sikuombi, nakuamuru kama kaka yako niliyekubeba mgongoni ukanikojolea. Jumamosi saa nne za huku utatokea kwenye ule ukuta. Usiniambie zamu, badilishana na mtu. Usiniambie mtandao, panda juu ya paa. Utasema kwamba ulikosea, kwamba mtoto mzito ni wako, na kwamba unaomba jambo lifunguliwe. Liseme hivyohivyo, wazi, lile la kwamba ni wako. Mmoja akisema, wale wa nyuma ya pazia watatoka. Mimi nitakuwa pale nyuma, na safari hii nikikupungia, ujue nini nakwambia.

Mwanao hajui kuwa ulinyoosha mkono. Ananiuliza, "Baba ameambiwa?" Namjibu bado. Huo ndio uongo wa kwanza nimewahi kumwambia bila kuutia chumvi, na sitaweza kuubeba zaidi ya Jumamosi.

Msalimie sana shemeji yangu, na umpe barua hii aisome baada yako, usiifiche. Wasalimie watoto wa dada huko, na yule binamu yetu kinyozi. Mwambie nywele zangu zimekwisha, hasara ni yake. Mke wangu anakusalimu na anasema yeye hana la kuongeza, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, na kwa Jumamosi akupe uso mkavu na sauti ya kusikika.

Jambo moja nimalizie. Kile kiti hakijaingia ndani. Meneja alikishusha barazani, akakigeuza kielekee shule, akasema kisiguswe; akikiingiza atakuwa amekubali. Anakula amekaa chini. Jana asubuhi mvua ilinyesha. Nilitoka nikakifunika kwa turubai la lori, nikarudi kitandani na miguu yenye tope, na mke wangu akanifunika shuka hivyohivyo.

Wako akupendaye hata kwa hasira,
Kaka yako mkubwa, dereva.