Nimezima Intaneti Nyumba Nzima Ili Nisimpoteze Tena

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mimi niliyekuzidi basi marahaba, tusikwame hapo. Naomba unisikilize hadi mwisho, kwa sababu kila nikilianza jambo hili watu wananikata katikati, shoga yangu mmoja aliniambia, "Kwani si vitabu tu?" na tangu siku hiyo sijamwambia mtu tena.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mume wangu alikuwa msoma mita wa maji, alitembea nyumba hadi nyumba maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu akageukia vitabu, akisema amesoma namba vya kutosha, sasa anataka maneno. Macho yangu mimi yamechoshwa na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, herufi za kitabu cha karatasi naziona kama sisimizi, ndipo akanunua kile kifaa cha kusomea ambacho unaweza kukuza maandishi, akajisajili kwenye lile duka kubwa la mtandaoni ambalo kila mtu analijua, na vitabu vyote akavinunua kwa jina lake. Kifaa kilikuwa kimoja. Yeye alisoma asubuhi nikiwa kwenye cherehani, mimi nilisoma jioni nikishafunga kazi, kwa hiyo siku zote alikuwa mbele yangu kurasa kadhaa, na kwa kuwa kifaa kinakuruhusu kuandika neno pembeni ya ukurasa, akawa ananiachia maneno. Fundi, huyu mjomba usimwamini. Fundi, weka chai chini kwanza ndipo ufungue ukurasa unaofuata. Fundi, hapa mimi nililia, wewe jikaze. Mwenzio nilikuwa nacheka peke yangu kwenye kochi, naye yuko jikoni ananiuliza, "Umefika wapi?" ilhali anajua vizuri nimefika wapi.

Moyo wake ulisimama ghafla, hakuugua. Kitabu cha mwisho yeye alikuwa amekimaliza, mimi nilikuwa katikati.

Sasa sikia nilichokifanya. Kazini kwake mume wangu alikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha, nao ni familia zinazoacha mita kwenye jina la marehemu, alikuwa akirudi nyumbani analalamika kwamba nyumba fulani bado inaletewa bili ya mtu aliyezikwa zamani, na siku maji yakikatwa hakuna mwenye haki ya kuuliza, akawa ananiambia, "Fundi, mimi nikifa, jambo la kwanza badilisha majina." Nami nikabadilisha. Nilikwenda ofisi ya maji, nikaenda benki, na nilipomaliza huko nikawaandikia wale wenye duka la vitabu, kwa adabu kabisa, kwamba mteja wao amefariki na naomba vitabu viandikwe jina langu mimi mjane wake. Wakanipa pole, halafu wakasema akaunti hairithiwi, kwamba marehemu alinunua ruhusa ya kusoma na si vitabu vyenyewe, na kwa kuwa sasa wamejua, wataifunga.

Nikakimbilia kwa jirani yangu anayetengeneza simu. Akaniambia kifaa kikiunganishwa tu na intaneti, vitabu vinaweza kufutika vyenyewe, na alikuwa anaendelea kusema lakini mimi sikumngoja, nilirudi nyumbani nikachomoa kile kiboksi cha intaneti ukutani, nikakitia kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa, nikakirusha juu ya kabati, na hadi leo kiko huko.

Tatizo ni kwamba binti yangu, ambaye ndiye mtoto wangu wa pekee, anaishi nchi nyingine, na kila Jumapili tulikuwa tunaonana kwa intaneti hiyo hiyo, mimi na yeye na mjukuu wangu. Sasa ananipigia simu ya kawaida, tunasema mawili matatu inakatika. Nimemwambia intaneti imeharibika, fundi hajaja. Juzi akaniuliza, "Mama, fundi gani huyo asiyekuja mpaka leo? Au nimekukosea?" Nikamwambia hapana mwanangu, hujanikosea. Kisha akasema, "Mtoto ameanza kutembea." Nikamwambia hongera. Hongera, mshauri, kama nampongeza mteja aliyekuja kuchukua sare.

Na kitabu chenyewe sikisomi. Nasoma ukurasa mmoja, nikikuta neno lake nakifunga, kwa sababu nikifika mwisho ndiyo basi, hatakuwa na jipya la kuniambia. Nina upweke, nasema wazi. Cherehani nikiisimamisha nasikia bomba la yule jirani wa simu likivuja, na hakuna wa kumwambia kwamba bomba la jirani linavuja, wakati nilikuwa na mume ambaye angesimama kwenda kulitazama. Nifanye nini? Niwashe intaneti nipoteze maneno yake, au niache hivi hivi?

Ni mimi,
Fundi wa Sare

JIBU

Shikamoo, Fundi. Nimekadiria, umenizidi.

Pole sana. Natoa pole yangu yote mwanzoni kwa sababu nikishaanza kukugombeza sitarudi nyuma. Na shoga yako akikuambia tena "si vitabu tu," mwambie hata picha ya harusi yake ni karatasi tu, aitupe.

Kwa kusema kweli hukukosea. Ulifanya alivyokuagiza mumeo, na kuhusu mita alikuwa sahihi. Lakini ofisi ya maji ikibadilisha jina, haiji kumwaga maji uliyokwisha kinga ndooni. Duka lile linataka hadi ya ndooni. Tena mliambiwa, kwenye yale maelezo marefu ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kuyasoma, na mumeo pamoja na kupenda kwake kusoma naamini alibonyeza kama sisi. Pale mlikuwa wapangaji, hamkuwa na nyumba.

Kosa lako ni jingine. Jirani alikuwa anakueleza, ukamwacha mdomo wazi. Angemaliza, angekuambia kwamba kifaa chenyewe kina mahali pa kukizimia mtandao: fungua mipangilio, gusa alama ya ndege, basi, hakitaungana na chochote. Kama bado una wasiwasi, badilisha neno la siri la kiboksi, hapo kifaa hata kikitaka kuingia hakitaweza. Wewe umefunga mlango wa mbele na madirisha, kumbe cha kufunga kilikuwa droo.

Ukishakizima, usikiamini. Nacho ni mashine, kitakufa siku isiyojulikana. Chukua simu, piga picha kila ukurasa wenye neno la mumeo, wala usisome kama hutaki, piga tu, kisha picha hizo mtumie binti yako azitunze kwake pia. Maneno ya pembeni aliandika mumeo, si duka. Waandikie wenye duka tena, uombe kujibiwa na mtu mwenye cheo, na uwaeleze habari ya hayo maneno. Siahidi kwamba watakusikia. Omba hivyo hivyo.

Vitabu vingine usinunue pale kwa sababu tu ndipo kila mtu anapokwenda. Yako maduka madogo ya mtandaoni, na wako waandishi wanaouza kazi zao wenyewe, wanaokupa faili lisilo na kufuli. Unalipa, unalipakua, unaliweka kwenye kompyuta na nakala nyingine pembeni, unakuza herufi mpaka ukubwa wa kitufe cha koti ukipenda, na hata duka likifungwa kesho kitabu unacho. Kabla ya kulipa uliza swali moja: nikishakipakua, mnaweza kukichukua? Wakianza kuzungukazunguka, ondoka. Na maktaba ipo. Ulizia vitabu vya herufi kubwa, na ukivipata kaa usomee pale pale, kuna watu.

Hilo la watu nina sababu ya kulisema. Barua yako uliileta kwa mkono ofisini kwetu, na dada wa mapokezi ameniambia kwamba ulipoikabidhi hukuondoka. Ulikaa kwenye benchi. Alikuuliza kama unasubiri jibu, ukasema hapana, unapumzika tu. Ukapumzika hadi wafanyakazi wakaanza kufunga madirisha. Fundi, hukuwa umechoka.

Sasa naomba unisikilize kama ulivyoomba usikilizwe. Katika barua nzima umeandika "mume wangu, mume wangu," na ni haki yako. Lakini mtu huyo alikuwa pia baba wa mtu. Binti yako amefiwa akiwa mbali, na tangu afiwe, mama yake amemfungia mlango na kumwambia fundi hajaja. Wewe una sauti ya mumeo kwenye kile kifaa. Yeye hana hata sura yako. Ndiyo maana anakuuliza kama amekukosea, na jibu ulilompa halikutosha.

Mweleze yote. Mwambie habari ya mita, ya duka, ya mfuko wa vitambaa juu ya kabati. Atacheka, ila pengine atalia kwanza, mwache alie. Kisha kila Jumapili msomee kitabu hicho kidogo kidogo kuanzia pale ulipoishia, na ukifika kwenye neno la baba yake lisome kwa sauti, usiliruke. Unaogopa kufika mwisho, nakuelewa, hata mimi ningeogopa. Lakini unaogopa kwa sababu unajiona unafika peke yako.

Leo mwombe jirani akushushie kile kiboksi, na safari hii mngoje amalize kusema. Mwambie pia bomba lake linavuja. Halafu mpigie binti yako. Mumeo kitabu alishakimaliza, hana haraka. Anayekuuliza umefika wapi sasa ni mwanawe.