Siku Tisa za Mtukufu

Ghorofa ya Pili,
Mlango wa Kijani.

Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya yote, hujambo huko, na goti je? Ulisema linakusumbua ukipanda ngazi. Natumaini dawa ya kuchua imesaidia na kwamba hujarudia kubeba ndoo mwenyewe, maana nakujua. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mwanangu mkubwa kang'oka jino la mbele, basi kila akisema "samahani" anapiga mluzi, na siku hizi anaomba samahani hata pasipo na kosa.

Mimi nina hofu, Shangazi. Nakwambia mapema usije ukasoma barua nzima ukijiuliza mbona Kidomo wako, jina ulilonipa mwenyewe, leo hana maneno.

Unakumbuka nilikwambia tunatayarisha kitabu cha historia cha shule. Sura ya nne ni ya Profesa, yule ambaye kila mtu hapa kazini humwamkia kwa kuinama kidogo. Inahusu mtawala wa zamani ambaye mji wake ulizingirwa na maadui. Alikaa siku tisa bila kuwajibu, na siku ya kumi akakubali mapatano, watu wake wakapona wote. Habari hizo zimo katika kitabu kimoja tu, kilichoandikwa kwa mkono na karani wake. Naye karani, kwa heshima, hakumtaja jina: Mtukufu kafanya hiki, Mtukufu kasema kile. Lugha yetu unaijua, "alisema" ni ya baba na ni ya mama. Profesa akaona mwanamume. Akaandika: "Mtawala alitulia, akapima mambo, akawasikiliza wazee, kisha akaamua."

Mwezi uliopita watu wa makumbusho wakafanikiwa kubandua kurasa mbili za kitabu hicho zilizokuwa zimegandana kwa unyevu. Humo karani kaandika kwamba siku ya tatu Mtukufu alijifungua mtoto wa kike.

Tulicheka ofisini mpaka machozi. Miwani, mpangaji wetu wa kurasa (huyu ni mwanamume, nisije nikakuchanganya kama karani), alisema, "Jamani, mzee wa watu kajifunguaje?" Profesa hakucheka. Aliichukua sura yake, akairudisha baada ya siku mbili. Sasa inasomeka: "Malkia alisitasita, akababaika, akaburuzwa na wazee, mpaka akalazimika kukubali." Siku ni zilezile tisa, Shangazi. Wazee ni walewale, na watu wamepona walewale.

Lakini hilo silo lililonitisha kwanza. Rasimu hiyo ya pili niliisoma mimi, mara mbili, kalamu nyekundu mkononi, nikarekebisha nukta zake nikaipitisha. Niliiamini. Nilimwona kabisa huyo mama kajikunyata kitandani, hajui la kufanya. Ni Miwani aliyeziweka rasimu zote mbili mezani ili alinganishe urefu wa kurasa, akaniita. "Dada, hebu njoo uone. Mbona kajifungua tu, keshakuwa mwoga?"

Nikazisoma tena, moja kando ya nyingine. Ni mara ngapi nimepitisha maneno ya namna hiyo bila kujua?

Nikaenda kwa Profesa na karatasi zote mbili. Hakupandisha sauti. "Binti yangu," alisema, "kazi yako ni nukta na mkato. Mambo ya maamuzi tuachie sisi." Kesho yake mhariri mkuu akaniagiza niichane rasimu ya kwanza, na Jumanne saa nne niingie mbele ya kamati nieleze kwa nini nachelewesha kitabu. Miwani aliuliza swali lilelile, tena mbele ya mhariri mkuu huyohuyo, akasifiwa kwamba ana jicho kali. Mimi nimeambiwa nina jazba.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikisikia viatu kwenye korido, nafunika karatasi zangu. Ijumaa nilikuta droo yangu iko wazi, na ufunguo huwa ninao mimi. Kwa bahati rasimu ya kwanza ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kandambili za mtoto. Viganja vinanitoka jasho hata sasa, ndiyo maana wino umechafuka hapa na pale.

Kuna jambo jingine, na hili linanitia aibu kuliko hofu. Daktari alipotaka kumkata Babu mguu, ni wewe uliyepewa karatasi ya kutia saini. Uliomba siku mbili, ukaulizia hospitali nyingine, ukakaa na Babu mwenyewe, siku ya tatu ukatia saini. Babu akaishi miaka sita zaidi. Ukoo mzima mpaka leo unasema Shangazi alibabaika. Nami nimekisimulia kisa hicho kwenye harusi, nikiigiza mkono wako unavyotetemeka na kalamu, watu wakivunjika mbavu. Sikuwahi kukuuliza siku hizo mbili ulikuwa unafikiria nini. Nisamehe.

Ndani ya bahasha utakuta rasimu ya kwanza, ile niliyoambiwa niichane. Iweke pamoja na vyeti vyako, mahali ambapo hata wajukuu hawagusi. Jumanne nitaingia na nakala yake. Sijui nitatoka na nini.

Nisalimie Baba Mkubwa, umwambie yale maelezo yake marefu juu ya redio yake nimeyasoma yote. Msalimie Mama Mdogo, na yule mjukuu wako mwenye makelele. Mungu akuwekee mkono wake juu ya hilo goti, na juu ya nyumba yako yote.

Na wakija kukuuliza habari zangu, usiwafiche kwamba niliogopa, maana nimeogopa sana. Ila waambie pia kwamba karatasi unayo wewe, na kwamba niliituma mimi, mkono ukiwa unatetemeka hivihivi.

Ni mimi nikupendaye,
Kidomo wako.