Kasi ya Mia na Kumi

Dada mpendwa Afriyie,

Sasa hivi mwanangu Yaa ameinyakua kalamu hii akaitia mdomoni. Ulimi umekuwa wa bluu, naye anacheka. Nimemfuta kwa ncha ya kitenge, ndipo nakuandikia. Hujambo huko Tarkwa? Miguu ya shemeji imepungua kuvimba? Sisi tu wazima, hapa kwa Maame Dufie aliyenipokea siku Baba aliponifukuza.

Kazi nimepata, kwa Bwana Tawia mwenye vipaza sauti vya pale sokoni. Koo lake limekufa kwa miaka ishirini ya kutangaza, kwa hiyo sasa inatangaza kompyuta. Haina picha za kubonyeza, ni dirisha jeusi tu. Unaandika jina la programu, halafu namba ya kasi, halafu maneno yako, unabonyeza kitufe, inasema. Matamshi yake ya Kitwi ni ya mtu mwenye donge la kenke ya moto mdomoni. Wauza samaki wananiita mke wa mashine. Bwana Tawia ana sheria moja: mbuzi aliyepotea na mahindi mapya ni kasi ya mia na sitini; msiba ni mia na kumi, polepole, tena alfajiri.

Unajua Yaa ana mwaka na miezi minne na hana jina ila hilo la Alhamisi aliyozaliwa. Baba yake alivuka kwenda Abidjan, kimya mpaka leo. Wa kumpa jina alibaki Baba yetu, naye aliapa hakanyagi hapa. Wazee wa ukoo waliotumwa kumbembeleza aliwarudisha mara mbili.

Juzi alfajiri nikatangaza kwamba familia ya Baba, Mzee Boakye, inaitwa nyumbani kwa Maame Dufie, ni kwa ajili ya Yaa. Kila neno lilikuwa la kweli. Jua halijapanda, ua umejaa watu wa nguo nyeusi na nyekundu za msiba. Baba alikuja mbio, ndala mguu mmoja, akauliza mtoto amelazwa wapi. Yaa alikuwa chini ya meza anakula uji. Baba alimwinua, akakaa naye kwenye benchi mpaka uji ukamkaukia kwenye shati. Maame Dufie akamwambia, "Mzee, marehemu wako bado ana njaa, mpe kijiko." Wengine walicheka, wengine walinitukana kwa kuwavalisha msiba bure. Bwana Tawia akanitetea kwa mnong'ono wake. Alisema ukibonyeza mshale wa juu, mashine hurudisha tangazo lililotangulia, na lililotangulia lilikuwa la mazishi. Eti nilibadili maneno, nikasahau kubadili namba ya kasi. Baba aliridhika. Akasema jina atalitoa Jumamosi, yaani leo.

Dada, hili nakuambia wewe peke yako. Sikusahau. Niliitazama ile mia na kumi muda wa kumnyonyesha mtoto titi moja, kisha nikabonyeza. Nilitaka kujua kama angekuja. Nikimwambia leo, ataondoka na jina lake. Nadhani nitamwambia Yaa akishazoea kuitwa.

Kuna mtu ananiita uani. Ni Baba. Tangu tumbo langu lilipoonekana hajalitamka jina langu, na sasa anaita Serwaa, Serwaa, mlete mtoto, maji na kinywaji vya kumwonjesha ulimini viko tayari kwenye bilauri, kwa hiyo salamu za shemeji nita