Gari Lisilopiga Magoti

Baba Faiza,

Chai iko kwenye chupa, mkate wa anjera nimeufunika. Yule mbuzi mgonjwa mpe maji. Mimi na mama yako tumekwenda harusini kwa mkokoteni wa punda wa Abdub. Ndiyo, punda, na gari liko uani!

Ulipokuwa msikitini, mama alisimama kando ya gari, akaligonga ubavuni kwa mkono, akangoja lipige magoti kama ngamia. Nikajaribu kumwinua. Akasema yeye si gunia la sukari.

Wallahi nilikwambia usome namba ya ukubwa kwenye tairi la zamani. Wewe ukaenda dukani na fimbo ya kuchungia, ukapima magurudumu kama mtu anayenunua dume la ngamia: refu ndilo zuri. Sasa ukikata kona tairi linasugua bodi, mtaa mzima unajua tunatoka.

~~Usitufuate.~~ Njoo utuchukue saa kumi, lakini na matairi ya zamani.

Fimbo yako iko mlangoni. Mama ameitia alama ya makaa pale mguu wake unapofika akiuinua. Anasema gari la mwanawe lisizidi hapo.

Mama Faiza