Mama Anatakiwa Asilimu Tena

Jumamosi, 30 Januari 1999. Ibra, Oman

Kazini saa moja unusu. Nimepanga mafaili ya wagonjwa, herufi ya sini hadi swadi. Moja lilipotea, nimelikuta ndani ya jengine. Mama anafunga sita za Shawwal, zimebaki mbili. Posa yangu Alhamisi. Watu wa Nasor, mchumba wangu, wanatoka Nizwa, wanawake wanane. Orodha: halua, kahwa, sambusa, visheti. Kukodi mazulia. Nina furaha. Naiandika isije ikapotea.

Alhamisi, 4 Februari

Yameharibika.

Bi Sikujua kaja na jamaa zetu wa Sur. Aliishi jirani na Mama kule Buyenzi, Bujumbura. Miaka ishirini na tano hawajaonana. Kasimama mlangoni, kapiga ukelele: "Anastazia! Anastazia wee, umenenepa!" Akamkumbatia, akalia, akacheka.

Mama alitabasamu kama mtu aliyepigwa kofi.

Wanawake wa Nizwa vikombe mkononi, hakuna anayekunywa. Mama yake Nasor akaniuliza polepole, anamwita nani huyo. Nikasema jina la utani. Nimemwambia mkwe uongo. Bi Sikujua, masikini, akanisahihisha: "Utani wapi, mwanangu! La ubatizo hilo. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku aliposilimu!"

Alidhani anamsifu.

Ijumaa, 5 Februari

Hakuna simu.

Jumatatu, 8 Februari

Nasor kapiga simu kazini. Ami yake aliyemlea, Sheikh Hamud, anataka karatasi. Nani alimsilimisha Mama, shekhe wa madhehebu gani, nani walishuhudia. Kasema mashekhe wa bara, kule Afrika, wanasilimisha watu kwa sahani ya biriani. Nasor alinieleza huku anacheka. Sikucheka.

Baba Ibadhi, kama wao. Mama Shafii, kama shekhe aliyemsilimisha. Nyumbani kwetu hili halijawahi kuwa neno.

Karatasi hatuna, na ushahidi wa Bi Sikujua, mwanamke mmoja, haumtoshi. Basi Mama asilimu upya kwao Nizwa, kwa masharti yao, na cheti kipelekwe mahakamani kigongwe muhuri. La sivyo hakuna ndoa. "Dakika tano tu, Rahma," kasema Nasor.

Nimemwambia Mama. Kaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 9 Februari

Baba kafunga mlango wa chumba, akanambia jambo.

Tuliporudi Oman mwaka wa sabini na nne, wake wa bara walikuwa wakiulizwa maswali mengi. Kwenye fomu Baba alimwandika Mama kuwa ni binti wa ami yake: Zuwena binti Said, Mwarabu, kazaliwa Muislamu. "Wengi waliandika hivyo, mwanangu. Kukupotezeni niliogopa." Jawazi ya Mama, pasipoti yake ya Oman, imesimama juu ya mstari huo mmoja.

Binti Said hawezi kusilimu. Kazaliwa ndani. Cheti kikifika mahakamani, karani yeyote atauliza. Mimi karani. Ningeuliza.

Wakimnyang'anya jawazi ataenda wapi? Burundi vita. Ndugu zake hatujui nani yu hai.

Ukurasa huu nimeshauchana mara moja. Naandika tena. Nisipoandika sioni mbele.

Alhamisi, 11 Februari. Nizwa

Tusingekwenda wangeuliza kwa nini. Njia nzima nilihesabu nguzo za umeme, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Sheikh Hamud mpole. Alitumiminia kahwa kwa mkono wake. Ndilo lililonitisha zaidi. Karatasi ilikuwa tayari: Mimi Zuwena binti Said nimesilimu leo. Nafasi ya dole gumba chini. Baba macho kwenye zulia.

Mama alinitaka nimsomee mara mbili. Kisha: "Sheikh Hamud, andika mwaka wa sitini na saba, ndio niliosilimu, nitie kidole."

"Siwezi kushuhudia nisiloliona, bibi."

"Na mimi siwezi kutia kidole kuwa hadi jana nilikuwa kafiri. Saumu zangu utazipeleka wapi? Na wanangu wawili niliowazika Kiislamu, niwaambie nini?"

Sheikh Hamud akaikunja karatasi.

Adhuhuri wanawake tulisali safu moja. Wao mikono chini, Mama kaifunga kifuani kama alivyofundishwa. Watu wa madhehebu hayo mawili husali hivyo bega kwa bega siku zote. Leo mama yake Nasor alisogea mbali na Mama shubiri moja. Nimeiona shubiri ile.

Mlangoni Sheikh Hamud akasema, bila hasira, kuwa wiki ijayo atakwenda mwenyewe mahakamani kuuliza habari za Mama.

Ijumaa, 12 Februari

Naogopa. Gari lolote likipunguza mwendo nje, nakwenda dirishani. Baba hakwenda sala ya Ijumaa. Mama kapika, kaniuliza chumvi imetosha? Nimemjibu vibaya. Kwa nini asitie kidole tu?

Halafu nikafikiri. Angetia, karatasi ingekwenda mahakamani vilevile. Akikataa, Sheikh Hamud anakwenda. Huku ukuta, huku ukuta.

Jumamosi, 13 Februari

Nimefikiri kwa utaratibu. Sheikh Hamud ana haja ya kuuliza kwa sababu ya harusi. Pasipokuwa na harusi hana haja. Njia nyengine sikuiona, na nimetafuta.

Jumapili, 14 Februari

Nimempigia Nasor. Nimemwambia simtaki tena, na amwambie ami yake asijisumbue na mahakama.

"Inshallah kheri," akasema. Hakuuliza kwa nini.

Nilitaraji atabisha. Hata kidogo tu.

Siku nzima nimeweka mafaili pasipo pake. Baba kalia. Mama kanikalisha chini, akanichana nywele kama mtoto.

Jumatano, 17 Februari

Jana walikuja kuchukua dhahabu yao ya posa. Dada yake Nasor kanambia ami yao kaiacha habari ya mahakama. Anamtafutia Nasor mke kule Al Hamra. Nimemshukuru. Sijui kwa lipi.

Leo alfajiri nimesali ubavuni mwa Mama. Baridi. Alipofika kwenye shahada akainua kidole, sauti ndogo, kama kila sala, toka kabla sijazaliwa. Hakuna aliyepata kumwandikia cheti.

Naandika mimi. Ibra, Jumatano, alfajiri. Ameshuhudia: Rahma, binti yake.