Mkono wa Kulia wa Guka

Wanjiru mjukuu wangu,

Tuko wazima hapa Makongeni, na mama yako amepata kibanda sokoni. Umeuliza mbona marehemu mume wangu, guka wako, alikuwa akisalimia watu kwa mkono wa kushoto.

Wakati wa Emajensi ya wakoloni alikatwa kifundo cha mkono wa kulia na kisu cha kukatia mkonge shambani huko Ruiru. Bila pasi ya serikali ya kusafiri hangeweza kwenda hospitali, na pasi ilipotoka kidonda kilikuwa kimeshafunga. Tukamshukuru Mungu. Lakini tulipofika hospitali daktari akasema, "Mngekuja mapema ningeushona mshipa wa fahamu. Sasa tumechelewa."

Tangu hapo hata shuka likimgusa mkono huo, machozi yalimtoka. Wazee walimwambia, "Lakini umepona." Huko kwenye uuguzi wako utasikia watu wakimwambia mgonjwa hivyo.

Sikuushika mkono huo tena mpaka siku ya kumvisha suti ya kuzikwa.

Cucu wako